Rejeta, Pampu na Mtungi: Istilahi za Kupoza Kadi ya Michoro kwa Maji kwa Gharama Nafuu, kwa Mfano wa Voi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaohitajika kueleza namna kadi ya michoro ya kompyuta inavyoweza kupozwa kwa maji kwa gharama nafuu. Mazingira yaliyoteuliwa ni mji wa Voi na Kaunti ya Taita Taveta kwa jumla, eneo lenye joto, vumbi na gereji zinazohudumia barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya istilahi zinazotafutwa tayari zimo vinywani mwa mafundi wa magari na mafundi wa mabomba. Aidha, makala yanapendekeza kwamba istilahi ya kiufundi isipimwe kwa ufupi na uzuri wa umbo pekee, bali ipimwe pia kwa utendaji: je, mtu akiifuata, mkono wake utashika kifaa kinachofaa?

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za kompyuta katika Kiswahili umedumu kwa miaka mingi. Wapo wanaotetea tarakilishi, wapo wanaoshikilia kompyuta, na wapo waliowahi kupendekeza ngamizi. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, limetoa mchango mkubwa katika usanifishaji wa istilahi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Nchini Kenya, Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Hata hivyo, juhudi za istilahi za kompyuta zimeelekea zaidi upande wa kile kinachoonekana kwenye skrini: faili, dirisha, hifadhi, hariri. Kilichomo ndani ya kasha, yaani umeme, joto, shaba na feni, hakijapewa uzito uo huo. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kuandika insha nzima kwa kompyuta inayozungumza Kiswahili, lakini kompyuta hiyo ikianza kuzimika kwa sababu ya joto, analazimika kuhamia lugha nyingine ili aeleze kilichotokea.

Kadi ya michoro ni mfano mwafaka wa pengo hilo. Kadi hii ilibuniwa ili kuchora picha kwenye skrini, na wengi huihusisha na michezo ya kompyuta. Lakini tangu mwaka 2007, kampuni ya NVIDIA ilipotoa jukwaa la CUDA, kadi hizi zimetumika kwa wingi katika hesabu nzito za kisayansi. Leo ndizo zinazofundishia programu za kutafsiri na za kutambua matamshi, zikiwemo zile zinazotumia sauti za Kiswahili zilizokusanywa katika mradi wa Common Voice wa Mozilla. Mwanafunzi wa isimu anayetaka kuifundisha kompyuta kusikia lafudhi za Pwani na za bara huiachia kadi ifanye kazi kwa saa nyingi mfululizo. Akiwa Voi, na kadi yake ni ya mitumba ambayo feni zake zimechoka, suala la kupoza si la anasa tena. Ni suala la kazi kukamilika au kukatika njiani.

2.0 Joto, Halijoto na Kupoza

Kabla ya kutaja kifaa chochote, ni muhimu kutenganisha dhana mbili ambazo mazungumzo ya kila siku huzichanganya. Joto ni nishati. Halijoto, ambayo katika baadhi ya vitabu vya Tanzania huitwa jotoridi, ni kipimo cha jinsi kitu kilivyo moto au baridi, na hupimwa kwa nyuzi. Sufuria ya maji vuguvugu inaweza kuwa na joto jingi kuliko sindano iliyochomwa ikawa nyekundu, ingawa halijoto ya sindano ni ya juu mno. Asiyeelewa tofauti hii atadhani kwamba maji huliua joto. Maji hayaliui joto; hulibeba kutoka mahali pamoja na kulipeleka mahali pengine.

Kitenzi poza kinatokana na poa kwa unyambuaji wa kutendesha, kama vile ponya kinavyotokana na pona. Jirani yake, pooza, kina maana ya kupoteza nguvu za viungo, ingawa wazungumzaji wengine hukitumia pia kwa maana ya kutuliza joto. Katika matini ya kiufundi ni salama zaidi kuandika poza, ili kadi iliyopozwa isidhaniwe kuwa imepooza. Isitoshe, nchini Tanzania kuna kituo cha kupoza umeme, mahali ambapo msongo wa umeme hupunguzwa kabla ya kusambazwa. Hapo, poza haina uhusiano na halijoto. Kwa hiyo, katika uwanja wa kompyuta, ambako umeme na joto hukaa pamoja, ni vyema kutaja kinachopozwa na kinachopozea: kupoza kadi kwa hewa, kupoza kadi kwa maji.

Kadi nyingi hutoka kiwandani zikiwa na vipande vya chuma vyenye mapezi na feni zinazovipulizia hewa. Maji huwa na faida kubwa juu ya hewa kwa sababu lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lile linalobebwa na lita moja ya hewa kwa ongezeko lilelile la halijoto. Wazo lenyewe si geni: kompyuta kubwa ya Cray-2, iliyotolewa mwaka 1985, ilipozwa kwa kuzamishwa ndani ya kimiminika maalumu kisichopitisha umeme.

Kwa msomaji wa Voi, mfano ulio karibu zaidi ni wa reli. Katika enzi za mvuke, garimoshi lilikunywa maji kituoni, likayachemsha, kisha mvuke ukatoka nje. Kituo kilichofuata ilibidi linywe tena. Huo ulikuwa mzunguko wazi. Garimoshi la dizeli, kama yale yanayopita Voi kwenye reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017, hutumia maji yaleyale kupoza injini, yakaenda kwenye rejeta na kurudi. Huo ni mzunguko funge. Mwanafunzi wa fonolojia tayari anaijua silabi funge. Hana sababu ya kubabaishwa na mzunguko funge.

3.0 Mzunguko na Sehemu Zake

Baadhi ya watu huuita mfumo huu kitanzi. Neno hilo lina walakini, kwa kuwa katika taaluma ya programu limezoeleka kwa maagizo yanayojirudia, na katika lugha ya kila siku hudokeza kamba na kunyonga. Mzunguko ni bora, kwani msomaji ameshalizoea katika mzunguko wa damu, ambao una moyo unaosukuma, mishipa inayobeba, na ngozi inayotoa joto nje. Sehemu za mzunguko funge wa maji ni hizi:

Bamba la kupozea: kipande bapa cha shaba chenye vijia vyembamba ndani yake. Hukaa juu ya kichakataji cha kadi. Maji hupita ndani na kuchukua joto. Tafsiri ya neno kwa neno, kama vile bonge la maji, humfanya msikilizaji afikirie maji yaliyoganda, ilhali kinachozungumziwa ni chuma.

Malhamu ya joto: uji mzito unaopakwa kidogo sana kati ya kichakataji na bamba ili kujaza vinyweleo ambavyo hewa ingejificha. Malhamu ni dawa ya kupaka. Jina linaeleza namna ya kutumia.

Pampu: mashine inayosukuma maji. Kamusi huruhusu neno bomba kwa maana hii, lakini bomba pia ni njia ya maji. Ili kuondoa utata, makala haya yanaiachia pampu kazi ya kusukuma na bomba kazi ya kupitisha.

Neli: mrija mwepesi unaopinda. Gerejini huitwa mpira wa maji. Neli ni neno sahihi zaidi, lakini mpira wa maji ndilo litakalofahamika dukani. Mwalimu mwangalifu huyataja yote mawili.

Kiungo: kipande kinachoshikanisha neli na kifaa kingine, pamoja na kibano chake cha chuma. Neno kiunganishi lingeweza kutumika, ila mwanafunzi wa sarufi amekwisha kulipatia kazi nyingine.

Rejeta: chombo chenye mirija myembamba na mapezi, ambamo maji hukabidhi joto kwa hewa. Neno hili liliingia kwa njia ya gereji, likakubalika na kupata nafasi katika kamusi. Halihitaji mbadala.

Tangi: chombo kidogo cha akiba kinachotangulia pampu. Hurahisisha kujaza maji na kutoa viputo vya hewa.

Feni: husukuma hewa kupitia mapezi ya rejeta.

Ikumbukwe kwamba kati ya majina haya manane, ni mawili tu, bamba la kupozea na malhamu ya joto, ambayo yangehitaji kufafanuliwa kwa fundi wa magari. Mengine anayafahamu. Mtaalamu wa istilahi anayeanza kazi yake kwa kubuni maneno manane mapya atakuwa amepoteza sita.

4.0 Hesabu ya Maji katika Hewa ya Voi

Istilahi zikishakuwa wazi, hesabu nazo husomeka. Chukua mfano wa kadi inayotoa joto la wati 200, yaani juli 200 kila sekunde. Kilo moja ya maji, ambayo ni sawa na lita moja, huhitaji takriban juli 4,200 ili halijoto yake ipande kwa uzi mmoja. Ikiwa pampu inazungusha lita 2 kwa dakika, maji yanayotoka kwenye bamba la kupozea yatakuwa na halijoto ya juu kwa takriban nyuzi 1.4 tu kuliko yalipoingia. Pampu ikipunguza mwendo hadi lita 1 kwa dakika, tofauti itakuwa nyuzi 2.9. Funzo ni kwamba pampu ndogo inatosha. Mwenye fedha kidogo asizimalizie kwenye pampu kubwa.

Kuna wanaodhani kwamba badala ya rejeta, ndoo ya lita 20 ingefaa. Hesabu inakataa. Ndoo hiyo, ikipokea wati 200, itapanda uzi mmoja kila baada ya dakika 7 hivi, bila kuhesabu kiasi kinachopotea kupitia kuta zake na uso wa maji. Saa moja ikipita, halijoto itakuwa imepanda kwa nyuzi 8 na zaidi. Baada ya saa tatu, kwa nyuzi 25. Ndoo huahirisha tatizo. Rejeta ndiyo inayolitatua, kwa kuwa hutoa joto kwa kasi ileile linavyoingia.

Hata rejeta ina mpaka wake. Hakuna rejeta inayoweza kuyafanya maji yawe baridi kuliko hewa inayopita katikati ya mapezi yake. Mji wa Voi uko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, na mchana halijoto hupita nyuzi 30 mara kwa mara. Wundanyi, katika milima ya Taita, iko juu ya mita 1,300. Kwa kawaida halijoto hushuka kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo mwendo mfupi wa gari kutoka Voi hadi Wundanyi unaweza kuipa kadi ileile nafuu ya nyuzi kadhaa bila senti moja kutumika. Iwapo hewa ya chumba ni nyuzi 32, na rejeta inayaacha maji yakiwa nyuzi 10 juu ya hewa, maji yatakuwa nyuzi 42. Kichakataji kikiwa nyuzi 15 juu ya maji, kitasimama kwenye nyuzi 57. Hiyo ni hali njema, kwani kadi nyingi huanza kujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 80 hadi 90.

Mtu atauliza: mbona mtungi wa udongo huyafanya maji kuwa baridi kuliko hewa? Mtungi hutumia njia nyingine. Maji hupenya kwenye vinyweleo vya udongo, yakageuka mvuke, na kila gramu inayogeuka huondoka na takriban juli 2,400. Ili kuondoa wati 200 kwa njia hiyo, ingebidi lita 0.3 za maji zigeuke mvuke kila saa. Katika hewa kavu ya Voi jambo hilo linawezekana, lakini maji yangepotea, vumbi lingeingia, na chumvi ingebaki nyuma ikiganda kwenye vijia vya bamba. Mtungi ni mzunguko wazi, na hekima yake haihamishiki moja kwa moja hadi kwenye mzunguko funge. Vilevile, barafu haifai kutiwa kwenye tangi. Maji yakiwa baridi kupita kiasi, unyevu wa hewa hutua juu ya kadi kama umande, na umande juu ya ubao wenye umeme ni hasara.

5.0 Hatua za Kuunda kwa Gharama Nafuu

Hatua ya kwanza ni kuuliza kama mzunguko wa maji unahitajika. Vumbi jekundu la Tsavo huziba mapezi ya kadi, na malhamu ya joto hukauka baada ya miaka. Kusafisha vumbi na kupaka malhamu mapya hugharimu kidogo mno na mara nyingi humaliza tatizo. Ikiwa kadi bado inajipunguzia kasi, au feni zake zimekufa na hazipatikani, hapo ndipo hatua zinazofuata zina maana.

Pili, rejeta. Ndani ya magari mengi mna rejeta ndogo ya hita, inayopasha joto wakati wa baridi. Voi haina haja kubwa na hita, kwa hiyo kipande hiki kinaweza kupatikana katika magari yaliyovunjwa. Watundu wa kompyuta ng'ambo walikitumia sana miaka ya mwanzo ya 2000, kabla ya rejeta za kompyuta kuenea madukani. Rejeta kuukuu hujaribiwa kama fundi wa panchari anavyojaribu tyubu ya baiskeli: tundu moja huzibwa, hewa hupulizwa kwenye jingine, na rejeta huzamishwa kwenye karai la maji. Viputo vikitokea, haifai. Ikifaa, husuuzwa kwa siki, kisha kwa maji mengi safi.

Tatu, madini. Bamba la kupozea kwa kawaida ni la shaba. Rejeta nayo iwe ya shaba. Shaba na alumini zikikutana ndani ya maji yanayopitisha umeme, hugeuka kuwa betri ndogo, na alumini huliwa pole pole hadi itoboke. Rejeta nyingi za magari ya miaka ya karibuni ni za alumini, kwa hiyo mnunuzi achunguze. Njia rahisi ni kukwaruza kidogo mahali palipofichika: shaba huonekana nyekundu au ya manjano, alumini huwa nyeupe.

Nne, pampu. Pampu ndogo ya volti 12 inayotumia umeme wa kompyuta yenyewe ndiyo bora, kwa sababu huwaka na kuzimika pamoja na kadi. Pampu ya tangi la samaki inayotumia umeme wa ukutani ni rahisi kupata, ila mtu akisahau kuiwasha, kadi hupata moto kupita kiasi; hivyo iunganishwe kwenye swichi moja na kompyuta. Pampu isizungushwe bila maji.

Tano, kufunga bamba. Matundu ya bamba yalingane na ya kadi. Malhamu yapakwe kiasi cha punje ya choroko. Skrubu zikazwe kwa zamu, kwa mshazari, kidogo kidogo, kwa kuwa kichakataji cha kadi huwa wazi na kinaweza kupasuka pembeni. Vipande vya kumbukumbu na vya kudhibiti umeme vilivyo kando ya kichakataji haviguswi na bamba dogo. Navyo hupata moto. Vibandikwe mapezi madogo na viachiwe feni moja ya kuvipulizia.

Sita, mpangilio. Maji yatoke kwenye tangi, yaingie kwenye pampu, yapite kwenye bamba, yaende kwenye rejeta, yarudi kwenye tangi. Tangi liwe juu ya pampu. Neli ziwe fupi na zisikunjike. Tangi na neli zisizopitisha mwanga huzuia uoto wa kijani.

Saba, majaribio. Mzunguko wote ujengwe kwanza nje ya kompyuta. Karatasi za shashi zitandazwe chini ya kila kiungo, kisha pampu peke yake izungushwe kwa saa 24. Tone moja kwenye shashi huonekana mara moja; tone hilohilo kwenye ubao mama huonekana baada ya hasara.

6.0 Jina Linapohatarisha Kazi

Swali la ni maji gani yatiwe kwenye mzunguko ndilo linaloonyesha kwa uwazi zaidi uzito wa istilahi. Maji ya bomba hayafai. Maji ya chemchemi za Mzima, ambayo husafirishwa kwa bomba kuu hadi Mombasa, huchujwa na miamba ya volkeno ya Chyulu na hubeba madini yaliyoyeyuka. Maji ya visima nayo mara nyingi huwa na chumvi. Madini hayo hayamdhuru mnywaji, lakini huganda kwenye vijia vya bamba na kuharakisha kuliwa kwa chuma. Yanayohitajika ni maji yaliyokenekwa, yakiongezewa dawa ya rejeta ya kuzuia kutu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Maji yaliyokenekwa huuzwa katika vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Jina hilo limeundwa kwa uhusishi: maji, na mahali yanapotiwa. Halisemi yamekenekwa. Ndani ya betri hiyohiyo mna asidi, na kimiminika cha betri mpya kinachouzwa kwa chupa ni asidi pia. Msikilizaji asiyejua anaweza kuchukua jina maji ya betri kuwa ni maji yaliyomo ndani ya betri, badala ya maji ya kuongezwa kwenye betri. Kihusishi -a kinaruhusu fasiri zote mbili, kama chai ya maziwa na kikombe cha chai zinavyotegemea ujuzi wa msikilizaji na si sarufi peke yake. Chupa isiyo sahihi ikimiminwa kwenye tangi, kinachopotea si kadi tu. Macho na mikono ya mtu imo hatarini. Kwa hiyo mwandishi wa maelekezo ya kiufundi hana budi kusema yote mawili: maji yaliyokenekwa, yanayouzwa kwa jina la maji ya betri, wala si asidi ya betri.

Mfano huu unaonyesha upungufu wa vigezo vinavyotumika mara kwa mara. Maji ya betri ni jina fupi, limekubalika na wengi, linatamkika, na limeundwa kwa kanuni za Kiswahili. Lingefaulu katika mtihani wa darasani. Lakini linashindwa katika mtihani wa mkono. Kinyume chake, rejeta ni neno la mkopo lisilofumbua maana yake kwa asiyelijua, lakini katika gereji yoyote ya Voi halimpelekei mtu kifaa kisicho chake. Uwazi wa neno na usalama wa neno ni mambo mawili tofauti, na katika ufundi, usalama hutangulia.

Haimaanishi kwamba kila neno la gereji lipokelewe bila kupimwa. Mpira wa maji hauonyeshi kipenyo wala aina. Bomba lina maana mbili. Kinachopendekezwa ni utaratibu: kwanza, kukusanya majina yanayotumika, pili, kubaini yale yenye fasiri zaidi ya moja, tatu, kusanifisha au kubuni pale tu ambapo utata unaweza kuleta madhara au ambapo hakuna jina kabisa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mzunguko funge wa kupoza kadi ya michoro unaweza kuelezwa kwa Kiswahili kuanzia kanuni za joto, hesabu zake, hadi skrubu ya mwisho. Maneno mengi yanayohitajika yalikwisha kuwepo kabla ya kadi yenyewe kufika. Kilichokosekana ni mtu wa kuyachukua kutoka gereji na kuyapeleka kwenye kompyuta, akiyapima njiani. Kaunti ya Taita Taveta ina mafundi wa barabara kuu, na tangu mwaka 2016 ina chuo kikuu chenye hati yake. Umbali kati ya fundi na mhadhiri ni mfupi. Mwanafunzi wa Kiswahili akiutembea na daftari mkononi, atarudi na istilahi zilizokwisha kujaribiwa, na pengine na rejeta.

8.0 Maswali ya Mjadala

1. Tembelea gereji moja na duka moja la vifaa vya mabomba. Orodhesha majina kumi ya vifaa, kisha ubainishe yale yenye maana zaidi ya moja.

2. Msomee fundi maelekezo ya sehemu ya 5.0 bila kumwonyesha picha. Ni hatua ipi anayouliza swali kabla ya kuitekeleza? Swali hilo linafichua upungufu gani wa istilahi?

3. "Istilahi bora ni ile inayojieleza yenyewe." Jadili kauli hii kwa kulinganisha rejeta na maji ya betri.